Daftari, Ukoo na Kimya: Uhakiki wa Tawasifu za Wafanyabiashara wa Jinja na Kitabu Kisichoandikwa cha Mbale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maisha na ukoo wa mfanyabiashara wa mwanzo wa karne ya 20 mashariki mwa Uganda yanavyosimuliwa. Matini za msingi ni mbili: *Dream Half-Expressed* ya Nanji Kalidas Mehta (1966) na *Tide of Fortune* ya Manubhai Madhvani akishirikiana na Giles Foden (2008). Zinasomwa sambamba na tawasifu ya Tippu Tip na riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute* (1999). Hoja inayojengwa ni kwamba tawasifu ya mfanyabiashara hufanya kazi ya hati: huthibitisha haki ya kuwapo mahali kabla haijaeleza nafsi. Kwa sababu hiyo huwa na kumbukumbu kali ya mali na kumbukumbu hafifu ya mke, ya mteja na ya lugha ya dukani. Makala yanauliza pia kwa nini Jinja imepata vitabu hali Mbale imebaki na kuta zenye tarehe.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina tawasifu moja kubwa ya mfanyabiashara, nayo ni miongoni mwa matini kongwe za nathari ndefu katika lugha hii. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, aliyaandika maisha yake kwa hati za Kiarabu kutokana na ombi la Heinrich Brode, ambaye aliyageuza kwa hati za Kirumi na kuyachapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Mwandishi mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1905. W. H. Whiteley aliyatoa tena mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo kitabu kimesomwa zaidi na wanahistoria kuliko wahakiki wa fasihi. Wanahistoria hutafuta humo pembe za ndovu, watumwa na Kongo. Ni wachache waliouliza kitabu hicho ni cha utanzu gani, na utanzu huo ulikwenda wapi baada yake.

Jibu la swali la pili ni la kushangaza kidogo. Utanzu haukufa, ulihama lugha. Wafanyabiashara waliofuata njia za misafara, na baadaye njia ya reli, kutoka pwani hadi chemchemi ya Nile waliendelea kusimulia maisha yao, lakini kwa Kigujarati na Kiingereza. Walinunua na kuuza kwa Kiswahili, kwa Kisoga, kwa Kiganda na kwa Kigisu. Walipokaa kuandika, lugha za mauzo ziliachwa kaunta.

Suala hili limepata uzito mpya. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na wasomaji watarajiwa wa Kiswahili katika Busoga na Bugisu ni wengi. Watasoma nini kuhusu miji yao? Historia ya maduka ya Jinja na Mbale inawahusu wao kama inavyowahusu wajukuu wa wenye maduka walioko Leicester na London, ila hadi sasa imeandikwa kwa ajili ya hao wa pili.

2.0 Neno "bepari" na mzigo wake

Kabla ya kuzigusa matini ni vyema kulitazama neno moja, kwa kuwa limeathiri uhakiki wa Kiswahili kuliko inavyokiriwa. "Bepari" ni neno lililotoka katika lugha za Kihindi, Kigujarati kikiwamo, na maana yake ya awali ni mfanyabiashara, mchuuzi, mtu wa duka. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo hiyo. Kisha, katika miaka ya Azimio la Arusha, neno likapandishwa cheo na kushushwa hadhi kwa wakati mmoja: likawa jina la mfumo mzima wa unyonyaji. Mwenye kijiduka cha chumvi na mafuta ya taa akajikuta ndani ya neno moja na mwenye benki.

Uhakiki wa Kiswahili wa miaka ya 1970 na 1980 ulilitumia neno hilo bila kuliuliza asili yake. Matokeo yake ni kwamba mhusika Mhindi mwenye duka alipotokea katika riwaya, mhakiki alikwishajua maana yake kabla ya kusoma sentensi yake ya kwanza. Hilo lilikuwa na sababu. Bei ya pamba ilikuwa kweli, mizani iliyochezewa ilikuwa kweli, na Mahmood Mamdani, katika *Politics and Class Formation in Uganda* (1976), ameonyesha kwa undani jinsi dola ya kikoloni ilivyomweka mfanyabiashara wa Kihindi kati ya mkulima na soko la dunia. Ila Mamdani, tofauti na wahakiki wengi, alitofautisha kwa makini kati ya mabwana wa viwanda vya kuchambulia pamba na wachuuzi wadogo. Neno "bepari" halitofautishi. Uhakiki unaotaka kuzisoma tawasifu hizi kwa haki hauna budi kurudisha ndani ya neno ile tofauti iliyopotea, bila kuufanya mfumo uonekane haukuwapo.

3.0 Mtoto wa miaka kumi na minne: mwanzo wa hadithi

Tippu Tip anaanza maisha yake akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, akichukua sandarusi katika safari za karibu. Hana utoto wa kusimulia. Maisha, kwa mujibu wa kitabu hicho, huanza siku mtu anapobeba bidhaa.

Ruwaza hiyo hiyo inaonekana katika kizazi kilichofuata. Allidina Visram, aliyezaliwa Kachchh mwaka 1851, alifika Zanzibar mwaka 1863 akiwa na miaka kumi na miwili, akafanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo kule Bagamoyo, na hatimaye maduka yake yakaifuata reli hadi Kampala na Jinja. Nanji Kalidas Mehta alizaliwa mwaka 1887 karibu na Porbandar, naye alivuka bahari mwaka 1901. Muljibhai Madhvani, baba yake Manubhai, alizaliwa mwaka 1894 na kufika mwaka 1908 akiwa na miaka kumi na minne, akaingia katika biashara ya jamaa zake wa kampuni ya Vithaldas Haridas huko Busoga: kwanza Iganga, kisha Kaliro, kisha Jinja.

Kwamba wavulana wa umri huo walisafiri ni jambo la historia. Kwamba vitabu vinawashikilia pale mwanzoni ni jambo la usanii. Mvulana asiye na kitu akishuka jahazini ni picha inayofuta deni. Msomaji akishaikubali, kila kitu kitakachofuata, yaani duka, kiwanda, maelfu ya ekari za miwa, kitaonekana kuwa kimetoka katika mikono miwili mitupu. Lakini hakuna hata mmoja wa wavulana hawa aliyefika mikono mitupu. Madhvani alipokelewa na ukoo uliokwisha kutangulia. Visram alikuwa na Sewa Haji. Tippu Tip alikuwa na baba na babu katika njia ya Tabora, na nyuma yake alikuwa na mkopo wa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Tofauti ni kwamba Tippu Tip anautaja mkopo. Anataja aliyemkopesha, bidhaa, kiasi na marejesho, kama mtu anayejua kwamba heshima ya mfanyabiashara iko katika kukumbuka anachodaiwa. Katika tawasifu za Jinja mkopo hugeuka kuwa wema wa jamaa, na wema hauandikwi katika safu ya madeni.

Hapa ndipo daftari linapostahili kuangaliwa kama kielelezo cha kifasihi. Daftari la duka lina pande mbili, kilichoingia na kilichotoka. Tippu Tip anasimulia kwa pande zote mbili, ndiyo maana nathari yake ni kavu na huaminika hata pale anaposimulia mambo ya kutisha kwa sauti ya mtu anayepima meno ya tembo. Mehta anasimulia zaidi kwa upande mmoja.

4.0 Tawasifu kama hati

Philippe Lejeune alieleza mwaka 1975 kwamba tawasifu husimama juu ya mkataba: mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu ni mtu mmoja mwenye jina moja, na msomaji hulipokea jina hilo kama dhamana. Nadharia hiyo iliundwa kwa kuzingatia tawasifu za Ulaya, ambako kilichowekwa rehani ni ukweli wa nafsi. Mashariki mwa Uganda jina lililoko jaladani ni jina la kampuni pia. Liko juu ya lango la kiwanda, liko kwenye magunia. Mkataba kwa hiyo una mhusika wa nne, na huyo ndiye mwenye mali.

Tarehe za kuchapishwa zinasaidia kuliona hilo. *Dream Half-Expressed* kilitoka Bombay mwaka 1966, miaka minne baada ya uhuru wa Uganda, wakati swali la nani ni raia na nani ni mgeni lilikuwa likiulizwa waziwazi. Mwandishi wake, aliyekianzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi mwaka 1924, alikuwa karibu na miaka themanini. Alifariki mwaka 1969. *Tide of Fortune* kilitoka mwaka 2008, baada ya ukoo wa Madhvani kufukuzwa, kurudi katika miaka ya 1980 chini ya utaratibu wa kurejesha mali uliowekwa na sheria ya mwaka 1982, na kukifufua kiwanda cha Kakira. Kila kitabu kinajibu shtaka. Cha kwanza kinajibu shtaka linalonong'onwa. Cha pili kinajibu hukumu iliyokwisha kutekelezwa.

Hukumu hiyo, ifahamike, ilitolewa katika njia ile ile inayoiunganisha miji miwili ya makala haya. Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia akiwa Tororo tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na askari, na muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Mtu aliyetoka Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Tororo alipita Kakira upande mmoja na kambi ya askari upande wa pili wa safari yake. Jayant Madhvani, mwana mkubwa na kiongozi wa kampuni, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Manubhai alikamatwa na kufungwa Makindye kabla ya kuondoka.

Sura za Makindye ndizo zenye nguvu kupita zote katika kitabu chake, na sababu yake ni ya kiusimulizi. Ndani ya gereza mwenye mali hana mali. Kwa mara ya kwanza msimulizi hawezi kujieleza kwa kuhesabu mashine na ekari. Anabaki na mwili, na hofu, na watu walio karibu naye. Msomaji anakutana na mtu. Mfungwa huyo akishatoka, mtu hurudi polepole ndani ya kampuni, na nathari hurudi kwenye mikutano, benki na makubaliano. Ni haki kulisema hili bila kumlaumu mzee aliyepoteza nchi: kitabu kina kurasa za fasihi mahali pale ambapo hati imekosa nguvu.

Kuna jambo jingine linalouvuruga mkataba wa Lejeune. Giles Foden, aliyesaidia kuandika, ndiye mwandishi wa *The Last King of Scotland* (1998), riwaya iliyomfanya Amin kuwa mhusika anayejulikana duniani. Mkono uliomtunga Amin wa kubuni ndio uliosaidia kumkumbuka Amin halisi. Vivyo hivyo, bila Brode pengine Tippu Tip asingeandika. Tawasifu ya mfanyabiashara, tangu mwanzo wake, ni biashara ya ubia: mmoja huleta maisha, mwingine huleta soko la wasomaji. Uhakiki unaozungumzia "sauti" ya mwandishi bila kuutaja ubia huo unaiona bidhaa na kumsahau dalali.

5.0 Mke wa mwenye duka

Ukoo ndio unaotajwa sana katika vitabu hivi, na *Tide of Fortune* kimejiita hadithi ya ukoo katika jina lake dogo. Lakini ukoo unaosimuliwa ni ngazi ya wanaume: mjomba, baba, mwana mkubwa, ndugu, mpwa. Hofu inayousukuma ni hofu ya urithi. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaielewa hofu hiyo vizuri kwa mfano wa Visram. Alifariki mwaka 1916 akiwa na biashara iliyotanda kutoka pwani hadi maziwa makuu. Mwanawe Abdulrasul alifariki mwaka 1923, na dola ile ya maduka ikasambaratika. Kilichobaki kikijulikana na kila mtu ni shule ya Mombasa yenye jina lake. Kila mfanyabiashara aliyeandika baada ya hapo aliandika akiwa na kaburi hilo machoni.

Wanawake wanaheshimiwa katika tawasifu hizi. Wanaheshimiwa kama nguzo za nyumba zinavyoheshimiwa, na nguzo haiulizwi inaona nini. Mehta aliasisi shule ya wasichana huko Porbandar na aliamini kwa dhati elimu ya mwanamke. Hata hivyo mwanamke wa kitabu chake ni mada ya imani yake kuliko kuwa mtu aliyekaa naye Busoga. Nani alipika kwa ajili ya wasaidizi wa duka waliolala nyuma ya ghala? Nani aliuza mbele ya kaunta mchana mume alipokwenda kununua pamba vijijini? Katika duka dogo la mwanzo wa karne, nyumba na biashara zilitenganishwa na pazia. Mwanamke alikuwa upande wa pili wa pazia hilo, akisikia kila bei.

Aliyelifungua pazia hilo kwa Kiswahili ni Adam Shafi, na hakulifungulia Jinja bali Unguja. *Vuta N'kuvute* inaanza na Yasmin, msichana wa miaka kumi na mitano aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi kwa miongo kadhaa. Wahakiki wameisoma riwaya hii zaidi kama riwaya ya ukombozi, kwa sababu ya Denge na harakati zake. Ikisomwa pembeni ya tawasifu za wafanyabiashara, sura zake za mwanzo huonekana kwa mwanga mwingine. Duka la Bwana Raza linadidimia. Mwenyewe anafikiri kuhusu wateja, kuhusu Mombasa, kuhusu kuanza upya. Yaani anafikiri kama shujaa wa tawasifu. Endapo angeliandika kitabu chake, Yasmin angalipata sentensi moja, tena ya masikitiko. Shafi amekigeuza kitabu hicho kisichokuwapo nje ndani: mwenye duka ndiye aliyepata kurasa chache, na mke akatoka mlangoni akaenda kwa Mwajuma.

Ukoo unamkataa Yasmin kwa kitendo hicho, na hapo riwaya inasema kitu ambacho tawasifu haziwezi kukisema. Ukoo wa mfanyabiashara ni benki pia. Hutoa mkopo, dhamana, kazi kwa mvulana wa miaka kumi na minne aliyeshuka jahazini leo. Mlango wake hauwezi kuwa wazi kwa kila mtu, na ndoa ndiyo funguo yake. Wema uliompokea Muljibhai Iganga na ukatili uliomfungia Yasmin mlango ni mambo ya mfumo mmoja. Yeyote anayeusifu ukoo wa kwanza bila kuuona wa pili amesoma nusu ya daftari.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba riwaya ni buni na tawasifu ni ushahidi, na kwamba Unguja si Busoga. Ni kweli. Lakini swali lililopo si kama Bwana Raza aliishi. Swali ni kama nathari ya mfanyabiashara ina mahali pa kumweka mtu aliyefanya kazi bila kulipwa, na riwaya inaonyesha kwamba mahali hapo pakitakiwa panapatikana.

6.0 Muuza kuni hana kitabu

Katika mfumo huo huo wapo wafanyabiashara ambao hawakupata hata sentensi moja. Mfano mzuri ni wauzaji wa nishati. Leo makaa husifiwa au kulaaniwa kama jambo la mazingira, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 kuni na makaa ndivyo vilivyouendesha uchumi wa mashariki mwa Uganda. Vichwa vya treni vya Reli ya Uganda vilichoma kuni kwa miaka mingi. Reli ya Busoga ilipofunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali, na meli za ziwa Kyoga kuyapeleka na kuyaleta marobota ya pamba, zilihitaji kuni zilizokatwa, kupangwa na kuhesabiwa kituo kwa kituo. Kulikuwa na wakandarasi wa kuni, wengi wao Wahindi, na chini yao wakataji na wabebaji Waafrika.

Pamba imeingia katika tawasifu kwa sababu pamba ilikuwa na kiwanda, na kiwanda kilibaki. Kuni ziliungua. Mtu aliyezisambaza hakuacha jengo lenye jina lake, na mwanawe hakuwa na mali ya kudai mwaka 1982. Ikiwa tawasifu ni hati, basi asiye na kitu cha kuhatiwa hana sababu ya kuandika. Hili linaeleza ukimya wa muuza kuni kuliko maelezo ya kawaida kwamba watu wa kazi za chini hawakujua kuandika. Walijua kuhesabu, na wengi walijua kuandika hesabu zao.

Hali ni hiyo hiyo kwa wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Kakira, wengi wakiwa wahamiaji kutoka West Nile na Rwanda. Katika simulizi za wenye mali huonekana kama wingi: maelfu, nguvukazi, wenye kujengewa nyumba na zahanati. Wingi hausemi.

7.0 Mbale

Tofauti ya Jinja na Mbale katika jambo hili ni kubwa. Jinja ina vitabu viwili vilivyohakikiwa hapa, na vingine vingi vinavyoigusa. Mbale haina tawasifu ya mfanyabiashara inayojulikana sana. Si kwa sababu haikuwa na biashara. Makazi yaliyojengwa na Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne yaliwavuta wachuuzi Wahindi, Waarabu na Waswahili. Kahawa ya Bugisu ilikuwa na thamani. Reli ya kutoka Tororo kwenda Soroti ilipita hapo mwaka 1929. Mji ulisifika kwa usafi na mpangilio hadi sifa hiyo ikawa msemo wa wazee.

Maelezo mawili yanaweza kutolewa. La kwanza ni kwamba Mbale tayari ilikuwa na shujaa wake. Kakungulu, mpiganaji, mtawala, mwenye ugomvi na serikali, na hatimaye mwasisi wa jamii ya Abayudaya mwaka 1919, ni mhusika mkubwa kiasi kwamba *Kakungulu and the Creation of Uganda* cha Michael Twaddle (1993) kinampa nafasi ya kuiunda nchi. Jinja haikuwa na mtu wa aina hiyo; wafanyabiashara wakakikalia kiti kilichokuwa wazi. La pili linahusu kahawa yenyewe. Pamba ya Busoga ilikuwa na viwanda vya watu binafsi vyenye majina. Kahawa ya Bugisu ilisimamiwa mapema na mpango wa serikali, kisha na Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kilichoanzishwa mwaka 1954. Shujaa wa hadithi ya kahawa ni chama, na kitabu cha Stephen Bunker cha mwaka 1987 kuhusu Bugisu ni kitabu cha wakulima na mivutano yao na dola. Mfanyabiashara wa Mbale alibaki mwenye duka. Hakuwa mwenye kiwanda, na utanzu huu haukuwa na nafasi kwa wenye maduka.

Kilichoandikwa Mbale kimeandikwa ukutani. Msomaji akitembea Naboa Road au Kumi Road atakuta juu ya paa za maduka ya zamani mapambo ya saruji, na humo mwaka, na mara nyingine jina. Jinja nayo ina kuta kama hizo katika barabara yake kuu, ila Jinja ina vitabu vya kuzifafanulia. Ukuta wa Mbale ni tawasifu fupi kuliko zote: mtu fulani alikuwapo hapa mwaka fulani, akawa na saruji ya kutosha. Baadhi zimepakwa rangi za kampuni za simu, baadhi zimebomolewa. Cynthia Salvadori alionyesha Kenya, katika *We Came in Dhows* (1996), kwamba simulizi za wachuuzi wadogo zinaweza kukusanywa zikiwa vipande na zikasomeka bila kulazimishwa kuwa hadithi ya ushindi. Kazi ya namna hiyo kwa Mbale ingehitaji kukusanywa kwa Kiswahili na Kigisu kwa pamoja, kwa sababu waliobaki wakiukumbuka mji huo ni wapangaji, mafundi cherehani wa barazani na wasaidizi wa zamani wa maduka. Hawa ndio waliowajua wenye maduka kwa sauti zao za kila siku, sio kwa picha za ukutani.

8.0 Tatizo la mfasiri

Mapendekezo ya kuzifasiri tawasifu hizi kwa Kiswahili yanastahili kuungwa mkono, lakini kazi yenyewe italeta tatizo ambalo Kiingereza kimelificha. Katika *Dream Half-Expressed*, ambacho mfasiri mmoja angeweza kukiita *Ndoto Iliyosemwa Nusu*, kila mtu yumo ndani ya Kiingereza kimoja kilichopigwa pasi. Gavana, ndugu wa Porbandar na mkulima wa Busoga mwenye mzigo wa pamba kichwani wamefanyiwa usawa wa sarufi ambao hawakuwahi kuwa nao. Mfasiri wa Kiswahili hana anasa hiyo. Pale mwenye duka na mteja walipokutana, waliongea Kiswahili, au Kisoga kilichochanganywa na Kiswahili, na kila mmoja alikiongea kwa namna yake. Kiswahili cha mwenye duka kilichekwa na wateja. Kiswahili cha mteja kilidharauliwa na mwenye duka. Na bei ilipatikana hata hivyo.

Mfasiri akitumia Kiswahili sanifu kwa wote wawili, atarudia kosa la Kiingereza. Akimpa Mhindi lafudhi ya kuchekesha, kama inavyofanyika katika vichekesho vya redio, atakuwa amemrudisha kwenye neno "bepari" kwa mlango wa nyuma. Akimpa mkulima lugha iliyovunjika, atamkosea zaidi. Njia iliyobaki ni ngumu na ndiyo ya kifasihi: kuwapa wote wawili Kiswahili cha kazi, kifupi, chenye maneno waliyoazimana bila kujua, yaani duka, hundi, laki, gunia, rupia. Kisha mfasiri aiache mizani kati yao, ili msomaji wa Iganga au wa Mbale, anayemjua babu yake alikuwa upande gani wa kaunta, aisome mwenyewe.